Mtu Mmoja Anayeninukuu

4 Februari 2018

Kwa Mzee ambaye sijawahi kuonana naye,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kama kulikuwa na mafua au kiuno, basi vimeshapita. Mimi huku sijambo, nasukuma siku.

Utashangaa huyu ni nani. Mimi ndiye yule mwanamke anayeandika kuhusu vinasaba vya konokono wa matope, wale wadogo weusi wenye mstari mweupe. Jina langu umeliandika mara nyingi kuliko alivyowahi kuliandika mama yangu mzazi. Anwani yako nimeitoa chini ya makala yako ya mwisho. Nilianza na barua pepe, ikarudi ikisema hakuna mtu kama huyo, nikaingiwa na baridi kidogo. Ndiyo maana najaribu posta.

Nina shida. Mkataba wangu hapa maabara unakwisha mwaka huu, na mtafiti kwetu hapimwi kwa alichokiona baharini. Anapimwa kwa makala alizotoa na kwa watu waliozitaja ndani ya makala zao. Makala ninazo, si haba. Kutajwa ndiko kunakonitia aibu. Wiki iliyopita kamati ya tathmini iliniita. Mwenyekiti alikuwa na karatasi yenye mchoro wa vidoa, kila anayenitaja na rangi yake, na karibu vyote vilikuwa vya rangi moja. Akaweka kidole juu yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtafiti," nikasema.

"Najua ni mtafiti. Nakuuliza ni nani kwako."

Maana, mzee, ukiondoa pale nilipojitaja mwenyewe, karibu kila aliyenitaja ni wewe. Wanasema hiyo inanukia nipe nikupe: wewe unanipandisha, nami nina namna ya kukulipa. Nikawaambia simjui, sijamwona, sijui hata kama ana ndevu. Mmoja wao akacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Naomba uniandikie maelezo mafupi yenye sahihi yako, kwamba hatujuani wala hatujawahi kuwasiliana.

Na kuna jingine la pembeni, si la kamati. Kwa nini unanisoma? Nisamehe kwa swali la ghafla. Sijawahi kumuuliza msomaji wangu, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba ninaye.

Ni mimi, binti yako kwa umri kama si kwa ukoo.


19 Februari 2018

Binti,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana maamuzi yao wenyewe. Ndevu ninazo, tena nyeupe. Waambie kamati.

Barua pepe yako ilirudi kwa sababu nilistaafu. Chumba changu cha kazi walikipa mtu mwingine kabla sijamaliza chai ya kuagwa, na anwani ya barua pepe wakaifuta jioni ileile; ya posta ni ya nyumbani, ndiyo maana barua yako imefika. Sikugombana nao. Nilibeba konokono wangu ndani ya chupa zao, nikaja nao nyumbani. Wanakaa kwenye kabati la vyombo la marehemu mke wangu, mahali pa sahani za wageni. Hadubini iko kwenye meza ya kulia chakula, kwa hiyo mimi hula nimesimama jikoni. Ukizoea si vibaya.

Umeuliza kwa nini nakusoma. Jibu lake ni jepesi. Mimi nina magamba niliyookota tangu nikiwa kijana, lakini mashine ya kusoma vinasaba sina, na pa kuomba sina. Wewe unaweka data yako yote wazi, mtu yeyote achukue, wakati wenzako wanaficha zao kama siri za ndoa. Nachukua namba zako, naziweka kando ya magamba yangu, naangalia zinaelewana wapi. Sasa nikitumia cha kwako nisikutaje, nitaiitaje kazi hiyo? Huo si utafiti, ni wizi. Na hata nikitaka kumtaja mwingine, nimtaje nani? Yule mwenzetu wa tatu aliyekuwa akiandika kuhusu konokono hawa alituacha, kahamia kwenye kamba wa kufugwa. Tumebaki wewe na mimi, mama.

Maelezo ya kamati nimeyaweka kwenye karatasi ya peke yake. Nimeandika kwamba sikujui na kwamba kabla ya barua yako hatukuwahi kuwasiliana. Nikatia sahihi. Halafu nikakaa nayo mkononi, nikajiona kama nimesema uongo. Maana nakujua kidogo. Najua unakwenda pwani kila mwezi maji yakitoka. Najua huna subira na watu wanaozungusha maneno. Na najua kuna kipindi uliacha kabisa, karibu mwaka mzima, kisha ukarudi, ukaandika mstari mmoja tu, "sampuli hazikukusanywa katika kipindi hiki." Nilirudia mstari ule mara kadhaa. Nikajisemea, huyu binti kapatwa na jambo. Nilitaka kukuuliza, lakini jambo kama hilo unaliulizia wapi? Kwa mhariri?

Tena usiniite mzee ambaye hujawahi kuonana naye, ni jina refu mno. Baba naamini ulijaliwa wako, na ubabu bado naukimbia. Niite mjomba.

Mjomba wako.


6 Machi 2018

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na magoti yako? Mimi sijambo, ila barua yako ilinipata vibaya. Niliifungulia koridoni nikidhani ni karatasi ya kamati tu. Nilipofika kwenye ule mstari wa sampuli, niliingia chumba cha friza, nikafunga mlango, nikasimama humo mpaka meno yakaanza kugongana.

Nilikuwa namuuguza mama. Alianza na kikohozi, tukakidharau. Mwaka ule wote sikuona bahari. Aliondoka mwezi wa nane, mimi nikiwa nimeshika kikombe cha uji kilichokuwa bado cha moto. Niliporudi kazini, mkuu wa idara alinipa pole mlangoni, kisha akaniuliza pengo kwenye jedwali litazibwa lini. Watu wa hapa wananiona kila siku, wanajua nakunywa chai bila sukari, na hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo. Wewe ulijua kutokana na mstari mmoja. Sijui nikushukuru au nikulaumu.

Maelezo yako niliyapeleka. Mwenyekiti akayasoma, akayageuza nyuma kama anatafuta bei.

"Karatasi hii imekufikiaje?"

"Kwa posta."

"Kwa hiyo mnawasiliana."

Hebu ona, mjomba. Kabla ya kuthibitisha kwamba hatujuani hatukuwa tukijuana. Sasa nimethibitisha, na tunajuana. Wameahirisha uamuzi hadi Aprili.

Nikupe picha ya hapa. Maabara yetu iko chini kabisa ya jengo, madirisha yanaonyesha viatu vya wapita njia. Kuna mwenzetu tunamwita Mashine, kwa jinsi anavyotema makala. Anasoma vinasaba vya samaki wa kufugwa, na dunia nzima inamtaja. Si mtu mbaya. Jana aliniambia, "Dada, konokono wako hawaliwi, hawauziki, hawaumi mtu. Nani atawataja?" Kantini watu hukaa kwa miradi, na mradi wangu una mtu mmoja, kwa hiyo nakula mezani kwangu, ninasoma makala zako.

Mpwa wako.


28 Machi 2018

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Pole kwa mama. Najua nimechelewa kuitoa, lakini pole haichachi. Mimi mke wangu aliondoka bila kuugua, alikuwa anakunja nguo. Mpaka leo kuna shati langu moja sijalikunjua, maana mikunjo ile ni ya mikono yake. Basi, nimeshasema, tuliache hapo.

Binti yangu yuko ng'ambo. Hunipigia simu Jumapili, tunaulizana hali ya hewa ya kwao na ya kwetu, kisha tunanyamaza wote wawili tukisikilizana pumzi. Ni mtoto mwema. Ila hajui aseme nini, nami sijui.

Nina habari njema, angalau nilidhani ni njema mpaka nilipoisoma barua yako. Jarida limekubali makala yangu mpya. Sijisifu, lakini nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Inaonyesha kwamba konokono wa upande huu wa rasi na wa upande ule hawajazaliana kwa maelfu ya miaka, ingawa mtu anaweza kutembea kutoka kwa hawa hadi kwa wale kabla chai kwenye chupa haijapoa. Nje wanafanana kama pacha. Ndani ni wageni kabisa. Magamba yangu peke yake yasingenionyesha hilo, na data yako peke yake isingekuonyesha wewe. Ni mpaka vikae pamoja.

Sasa tatizo ni kwamba jina lako limo karibu kila ukurasa. Nimelihesabu, kisha nikaacha kuhesabu. Niambie ukweli, itakuumiza?

Mjomba wako anayekuwaza.


14 Aprili 2018

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Uamuzi umetoka. Hawakunifukuza. Wamenipa mwaka mmoja wa kuangaliwa, kuanzia tarehe mosi Mei. Katika mwaka huo nisiwasiliane nawe kwa njia yoyote, na kila makala mpya ya kwako itakayonitaja itawekwa kwenye faili langu kama dalili mbaya. Tena nihamie kwenye kundi la Mashine. Konokono naweza kuendelea nao kwa muda wangu mwenyewe.

Mkuu wa idara alinisukumia kalamu. Nilimuuliza, "Kosa la mtu huyu ni lipi? Kunisoma?" Akasema, "Si kosa. Ni muonekano." Nikatazama dirishani, vikapita viatu vya mtoto, kisha vya mtu mwenye haraka. Nikafikiri, nikitoka hapa naenda wapi na konokono wangu? Hakuna maabara nyingine itakayowapokea. Nikatia sahihi, mjomba.

Tangu siku ile siwezi kuuvumilia mkono wangu wa kulia, uliosaini.

Umeniuliza kama makala yako itaniumiza. Ndiyo, itaniumiza. Lakini itoe. Nakusihi uitoe. Jambo lenyewe ni la kweli, na mtu wa kulijua duniani ni wewe na mimi tu, na mimi nimeshafungwa mdomo. Nitajua la kuwaambia.

Mpwa wako, ingawa nimekubali kwa maandishi kwamba si mpwa wako.


25 Aprili 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakuandikia upesi ili ikufikie kabla ya tarehe mosi, usije ukaambiwa umevunja sharti kwa sababu ya uzembe wa posta.

Makala nimeiondoa. Nilimwandikia mhariri juzi. Akanipigia simu, kijana mwenye sauti nzuri, akaniuliza kama nimegundua kosa ndani yake. Nikasema hapana, haina kosa. "Sasa kwa nini, mzee?" Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Akanipa pole. Nikaipokea.

Usinune. Nilijaribu kwanza kufuta jina lako kila mahali, nikaacha data. Nilifika ukurasa wa pili nikaona mkono wangu unafanya kile nilichokuambia ni wizi. Nikasimama. Kuitoa na jina lako ni kukuumiza wewe. Kuitoa bila jina lako ni kunichafua mimi. Sasa imelala kwenye droo, haimdhuru mtu. Konokono wenyewe hawajali. Wameachana maelfu ya miaka bila makala.

Na ule mkono wako wa kulia uache. Mkono uliosaini ndio huohuo unaookota sampuli. Mtu lazima awe na pa kwenda asubuhi. Mimi sina, najua ilivyo.

Usiniandikie. Nami sitakuandikia. Ila ukitoa chochote, nitakisoma, kwa hilo kamati haina la kufanya.

Mjomba wako.


2 Mei 2019

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu kwa mwaka mzima. Hali yako? Magoti je? Binti yako bado anapiga Jumapili? Mimi mzima. Mwaka ulikwisha juzi. Jana ilikuwa sikukuu, posta imefungwa, ndiyo maana nakuandikia leo.

Nimethibitishwa. Mkataba mrefu, na kiti kipya kinachozunguka. Nilifanya walivyotaka. Tulitoa makala kubwa ya samaki, majina kumi na manne, mimi wa tisa. Kazi yangu ilikuwa kusafisha data, yaani kufagia. Makala ile inatajwa kila mahali, mjomba. Mchoro wangu wa vidoa sasa una kila rangi, mwenyekiti mwenyewe alinionyesha kama anamwonyesha mtu mtoto wake. Nilianza kuwasoma hao wanaonitaja. Mmoja ameandika kwamba tulichunguza kamba. Kamba! Hakufungua hata ukurasa wa kwanza. Nimetajwa kuliko maisha yangu yote, na sidhani kama nimesomwa.

Kantini sasa nakaa na kundi. Wanacheka nami nacheka. Nikirudi nyumbani nakuta sijaongea na mtu.

Konokono sikuwaacha. Jumamosi nilikuwa nakwenda pwani. Nimeandika kuhusu upande wa pili wa rasi, na imetoka mwezi wa tatu kwenye jarida dogo. Pale ulipostahili kutajwa niliandika kwamba jambo hili aliliona kwanza mtu mwingine, na matokeo yake hayajachapishwa. Mhariri akaufuta mstari. Akasema haiwezekani kutaja kitu ambacho hakipo. Nikambishia, nikashindwa.

Hakuna aliyeitaja. Sikutegemea. Lakini nilikutegemea wewe uwe umeisoma. Uliniambia utasoma. Niandikie basi, hata kama ni kunigombeza.

Mpwa wako.


3 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita na sijapata jibu, na nimeanza kukasirika na mwendesha baiskeli wa posta, mtu asiye na hatia.

Labda umenichoka, na haki unayo. Mtu ambaye kwa ajili yake uliiweka kazi yako kwenye droo, naye akaenda kufagia data ya samaki. Kama ni hivyo niambie, nitakaa kimya. Nimetafuta jina lako kwenye kila jarida, sioni kitu kipya. Mashine ameniuliza natafuta nini. Nikamwambia namtafuta mjomba wangu. Akasema, "Pole, amepotea?" Nikaendelea kutafuta.

Kama u mgonjwa, mtu yeyote aliye karibu aniandikie neno moja. Neno moja tu.

Mpwa wako.


20 Juni 2019

Mpwa wangu,

Marahaba, na hizo nyingine zote nimezipokea. Usishtuke kwa mwandiko. Huu si wangu, ni wa mama mwenye duka la dawa hapa chini, ambaye amewaacha wateja wake kwa muda ili aandike ninayosema. Sikukuchoka. Nani kakuambia nimekuchoka?

Macho yameniacha, mpwa wangu. Yalianzia kwenye hadubini. Niliona giza, nikadhani ni balbu, nikabadilisha balbu. Nikabadilisha tena. Nilipofika kwa daktari akaniambia hayo hayarudi. Sasa naona mwanga wa dirisha, na mtu akipita naona kama pazia limetikisika. Chai najimiminia kwa kidole, nikiungua najua kikombe kimejaa.

Barua zako mbili zilikuwa mezani wiki zote hizi. Mletaji aliniambia zimetoka wapi. Sikutaka mtu mwingine anisomee. Ilikuwa kiburi tu, sina neno jingine. Mimi ndiye msomaji wako. Nikimpa mtu mwingine macho hayo, nabaki nani? Lakini jana nilizishika nikaona bahasha zimeanza kulegea kwa vidole vyangu, nikashuka ngazi nikaja nazo hapa dukani.

Kuhusu mkataba, hongera, kwa dhati. Kuhusu kamba, nimecheka mpaka mwenye kutaka vidonge vya kichwa akasubiri.

Makala yako ya rasi mama huyu ameipata kwenye simu, akaanza kunisomea. Jina la kwanza la konokono likamshinda, tukacheka. La pili likamshinda. Tulipofika kwenye jedwali akaniuliza, "Hizi namba nazo nisome zote?" Nikamwambia tuache.

Binti yangu anakuja Agosti kunichukua. Nimebisha vya kutosha, sasa nimechoka kuungua vidole. Chupa hawataziruhusu kwenye ndege, na huko kwao nitakuwa mzee anayekaa karibu na dirisha. Sitakuwa na hadubini, wala kabati, wala mtu wa kubishana naye kuhusu rasi.

Kwa hiyo njoo. Jumamosi yoyote kabla ya Agosti. Usilete kitu. Njoo unisomee makala yako yote, polepole, na majedwali usiyaruke, namba kwa namba. Kuna mahali nitakubishia, najijua. Halafu nitakuambia ulipo ufunguo wa droo.

Mjomba wako.

Dada, naongeza hapa chini bila yeye kujua, mimi niliyeandika. Amesema nisiandike kwamba alikuwa analia, kwa hiyo hilo sijaliandika. Kutoka stendi ni mwendo mfupi, uliza duka la dawa, nitakupeleka juu mwenyewe. Njoo na sauti. Kusikia nako hakuko sawa sana, ila hilo hajamwambia mtu.